Nani Amewanyima Vijana Kitabu?

Umezuka msemo ambao sasa hurudiwa kila mahali, maofisini, mikutanoni, hata katika vyumba vya walimu: kwamba vijana wetu hawapendi kusoma. Husemwa kwa masikitiko, na kila ausemaye hujiona ameshatimiza wajibu wake. Sisi twaukataa msemo huu. Hatusemi kwamba vijana wa sekondari wanasoma vya kutosha. Hawasomi vya kutosha, na jambo hilo halifichiki. Twaukataa kwa kuwa unamtwisha mtoto kosa la mkubwa. Mapenzi ya kusoma hayaoti yenyewe kama magugu. Hupandwa, hupaliliwa na kutunzwa. Shamba likikauka, mwenye busara huuliza kwanza habari za mkulima.

Historia ya Taifa letu yatosha kuukanusha msemo huo. Mwaka 1967 yapata thuluthi mbili ya watu wazima wa Tanzania Bara hawakujua kusoma wala kuandika. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, kampeni zikafuatana, na kufikia mwaka 1986 ilihesabiwa kuwa wasiojua kusoma wamebaki karibu mtu mmoja katika kila kumi. Wakulima walishika kalamu kwa vidole vilivyozoea jembe. Hakuna aliyewaahidi nafasi ya chuo kikuu. Walisoma habari za pamba, za migomba na za afya kwa lugha waliyoielewa, na waliyoyasoma waliyajadili wao kwa wao. Je, wajukuu wa watu hao wamezaliwa na chuki ya kitabu? La hasha!

Tuingie basi darasani tukaone kinachotendeka. Kijana wa kidato cha tatu anaambiwa kwamba muhula huu atasoma riwaya. Kwa kweli hapewi riwaya. Anapewa jina la riwaya. Ubaoni huandikwa dhamira, wahusika, mandhari na matumizi ya lugha. Kijana hunakili, hukariri, na siku ya mtihani huyatapika aliyoyameza. Palipo na uwezo hununua kitini chenye majibu tayari, na kitabu chenyewe hakifunui hata ukurasa mmoja.

Tutoe mfano wa Kusadikika, kitabu cha Shaaban Robert kilichotoka mwaka 1951. Karama anashtakiwa kwa kosa la kufundisha uanasheria. Hana jeshi wala mali. Anacho kinywa chake tu. Anasimama mbele ya mfalme na baraza, anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa nchi za mbali kutafuta mema wakarudi kupewa adhabu, na kwa masimulizi hayo anajiokoa. Mwanafunzi wetu hukariri kwamba Karama ni jasiri, ni mwenye busara, ni mpenda haki. Lakini mwanafunzi huyo hajapewa hata dakika tano za kusimama mbele ya wenzake akatetea neno analoliamini. Twauliza: mtu huyu amekisoma Kusadikika, au amesoma tangazo la kuwapo kwake?

Hapa ndipo penye kiini cha hoja yetu. Kusoma na kusema ni ndugu wa tumbo moja. Asiye na wa kuzungumza naye juu ya kitabu hukichoka upesi, na asiyesoma hukosa la kusema. Shule inayomnyamazisha kijana imekwisha mnyang'anya kitabu, hata kama kabati lake limejaa.

Na njia za kumnyamazisha ni nyingi. Mtoto aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, akiuliza na kujibu bila hofu, akifika kidato cha kwanza hukuta masomo karibu yote yakifundishwa kwa Kiingereza. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ilizungumzia kutumia Kiswahili katika ngazi zote za elimu, lakini mpaka tuandikapo haya sekondari zimebaki palepale. Hatusemi Kiingereza kisifundishwe. Kifundishwe, tena kifundishwe vizuri. Tunalolipinga ni ile desturi ya kumvika kibao cha aibu mtoto aliyekutwa akisema Kiswahili. Adhabu hiyo haijamfundisha mtu Kiingereza. Imewafundisha wengi kunyamaza katika lugha zote mbili.

Wako watakaotujibu kwamba simu ndiyo iliyoua usomaji. Jibu hilo ni jepesi mno. Vijana haohao hukesha wakifuata hadithi za mfululizo katika simu hizo, sehemu baada ya sehemu, kisha wakabishana juu ya mhusika fulani mpaka kengele ilie. Kiu ipo, maji ndiyo hayapo shuleni. Tukumbuke pia Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971 ikazuiwa kwa muda kutumika shuleni. Kuzuiwa huko hakukuizika. Imeendelea kusomwa kwa zaidi ya nusu karne. Kitabu kinachogusa maisha hujitafutia wasomaji wake hata kikifungiwa mlango. Basi ni ajabu na aibu kwamba tunaweza kuufungua mlango, tukakiweka kitabu mezani, na kukiua kwa muhtasari.

Wengine watasema hakuna wakati, kwa kuwa mtihani unakaribia. Mtihani hukaribia kila mwaka. Wengine watasema hakuna vitabu. Hilo lina ukweli, na wenye mamlaka hawana budi kulisikia. Lakini twajua pia shule ambako vitabu vipo, vimefungiwa ofisini visichafuke, na ufunguo uko mfukoni mwa mtu mmoja. Kitabu kilichochakaa kwa kusomwa kimefanya kazi yake. Kilicholiwa na mchwa kikiwa safi ni hasara kwa Taifa.

Yatupasa nini basi? Kwanza, kila darasa litengewe walau kipindi kimoja kwa juma cha kusoma tu, bila swali la mtihani, naye mwalimu akae na kitabu chake mkononi asome pamoja nao. Mwalimu asiyesoma hawezi kuambukiza ugonjwa asiokuwa nao. Pili, kitabu kisomwe kwa sauti, mwanafunzi baada ya mwanafunzi, mpaka masikio yauzoee utamu wa lugha. Tatu, midahalo irudishiwe uhai. Mathias Mnyampala alipozieneza ngonjera, alitupa ushairi wa watu wanaojibizana, huyu akisema na yule akipinga. Leo ngonjera nyingi hukaririwa mbele ya mgeni rasmi, watu wakapiga makofi, wakatawanyika. Kijana aulizwe swali asilolitazamia, ajikwae, ainuke, ajibu. Nne, ufunguo wa kabati wakabidhiwe wanafunzi wenyewe, walitunze daftari la kuazimia.

Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, alitaka shule zetu zilee akili inayodadisi na mtu anayejiamini. Udadisi haunakiliwi ubaoni, wala kujiamini hakupatikani katika kitini.

Nanyi vijana msitusubiri. Azimeni kitabu kimoja leo, kisomeni mpaka mwisho, kisha mtafuteni mwenzenu mbishane juu yake. Mwalimu akiwapa muhtasari, mwombeni kwa adabu awape na kitabu. Mkulima amelala, mwamsheni, kwani mvua haimngoji mtu.