Mwanagenzi na Lugha ya Karakana

Wahenga walinena kuwa mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Hata hivyo, wapo vijana wengi katika mtaa wa Magogoni, Kisauni, ambao wamegaagaa vya kutosha na wali wao ungali mkavu. Mtaa huo hauko mbali na kiwanda cha saruji cha Bamburi, kilichoanza uzalishaji mwaka 1954. Anayevuka Daraja la Nyali, akapita kisiwani na kutokea Makupa, hufika Changamwe, eneo kongwe la viwanda mjini Mombasa. Upande wa kusini, huko Dongo Kundu, serikali imetenga ukanda maalumu wa kiuchumi kwa matarajio kwamba viwanda zaidi vitajengwa. Swali lililopo ni hili: kijana wa Magogoni ataingia viwandani humo kwa mlango upi?

Mlango wa kawaida wa anayeanza kazi ni cheti cha ufundi, kiwe cha kuchomelea vyuma, cha umeme, cha kushona nguo au cha kuendesha mitambo. Si haki kudai kwamba Kenya haikuwahi kuufikiria mlango huo. Sheria ya Mafunzo ya Viwandani ilitungwa mwaka 1959, kabla ya uhuru. Vyuo vya ufundi vya vijijini vilianza kuenea kutoka mwaka 1966 kwa juhudi za Baraza la Kitaifa la Makanisa. Katiba ya mwaka 2010 ilivikabidhi vyuo hivyo kwa serikali za kaunti, na Sheria ya Elimu na Mafunzo ya Kiufundi ya mwaka 2013 ikaunda mamlaka ya kuvisimamia na baraza la kuandaa mitaala na kutahini. Sheria zipo, majengo yapo na wakufunzi wapo. Kinachosahaulika ni lugha.

Fikiria kijana aliyemaliza shule kwa alama hafifu, akaenda kusaidia katika kibanda cha jua kali kando ya barabara ya Kisauni. Katika miaka mitatu amejifunza mengi. Anafahamu kuwa mkondo wa umeme ukiwa mdogo mno, chuma kilichoyeyuka hukaa juu juu bila kushikana, na ukizidi, bati jembamba hutoboka. Anafahamu kuwa kutu na mafuta visipoondolewa kwanza, kiungo hakitadumu. Mambo hayo yote ameelezwa kwa Kiswahili, akayauliza kwa Kiswahili na kuyatenda mbele ya fundi wake. Siku anapojiunga na chuo ili apate cheti, anakuta mtaala, kitabu na karatasi ya mtihani vimeandikwa kwa Kiingereza. Anaulizwa jambo lile lile analolitenda kila siku, naye anaiacha nafasi ya jibu wazi. Je, mtihani huo umepima nini? Umepima Kiingereza chake, kisha ukatoa hukumu juu ya ufundi wake.

Hasara haimfiki kijana huyo peke yake. Kiwanda nacho humpoteza mfanyakazi aliyekwisha kuiva, na badala yake kikaajiri aliyekariri maelezo bila kuyaelewa. Aidha, hatari huongezeka. Mtu aliyesoma kwa kukariri namna ya kuzima mtambo kabla ya kuufungua anaweza kupita mtihani vizuri, kisha akapoteza vidole siku ya kwanza kazini. Maelezo ya usalama huokoa mtu pale tu yanapoeleweka papo hapo, bila kutafsiriwa kwanza kichwani.

Wapo wanaodai kuwa Kiswahili hakina msamiati wa kazi hizi. Dai hilo linashangaza zaidi linapotolewa Mombasa. Mafundi wa pwani walikuwa wakikereza miguu ya vitanda na kukalafati majahazi kabla ya vyuo hivi kuwepo. Wana keekee ya kutobolea, jiriwa ya kubania, tupa ya kunolea, randa ya kulainishia mbao, juba la kuchimbia matundu na timazi ya kupimia wima wa ukuta. Neno lenyewe mwanagenzi, yaani anayejifunza kazi kwa fundi, ni la Kiswahili tangu zamani. Msamiati mpya unapohitajika, lugha huukopa na kuutohoa kama ilivyofanya kwa spana, nati na injini. Tatizo ni kwamba maneno haya yameachwa midomoni mwa mafundi, na wasomi hawajayapeleka darasani.

Nchi jirani ya Tanzania imechukua njia tofauti. Mamlaka yake ya elimu na mafunzo ya ufundi stadi, VETA, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1994, na katika vyuo vyake Kiswahili hutumika sana darasani na karakanani. Mbali zaidi, Ujerumani ina sheria ya mafunzo ya kazi ya mwaka 1969, ambayo chini yake mwanagenzi hugawanya wiki yake kati ya kiwanda na shule. Kote kuwili husikia Kijerumani, na wageni wanaotaka mafunzo hayo hutakiwa kujifunza lugha hiyo kwanza. Wajerumani hawakungoja Kiingereza ndipo wawe mabingwa wa mitambo.

Hoja moja ya wapinzani ina uzito na inastahili kujibiwa. Wanasema kuwa mitambo huja na vitabu vya maelekezo vya Kiingereza, na kwamba fundi asiyekijua atakwama. Ni kweli kwamba fundi anahitaji Kiingereza cha kazi yake. Hata hivyo, kujifunza majina ya vyuma na onyo lililoandikwa kwenye mtambo ni jambo moja, na kufundishwa kanuni za umeme kwa lugha usiyoimudu ni jambo jingine. Kanuni ikishaeleweka kwa Kiswahili, jina la Kiingereza hujifunzwa kwa siku moja. Kanuni isipoeleweka, jina hilo halina kazi.

Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 7, imekitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Lugha rasmi isiyoweza kumtahini fundi wa kuchomelea vyuma ina urasmi gani? Kwa kuwa vyuo hivi viko chini ya kaunti, Mombasa inaweza kuonyesha njia kwa kuandaa vitabu vya mafunzo vya lugha mbili, huku ikishinikiza baraza la mitaala likubali mtahiniwa achague lugha ya kujibia. Fedha nazo haziko mbali. Waajiri hutozwa shilingi 50 kila mwezi kwa kila mfanyakazi kwa ajili ya mafunzo ya viwandani. Kiwanda chenye wafanyakazi 200 hulipa shilingi 120,000 kwa mwaka. Sehemu ndogo ya makusanyo hayo ya nchi nzima ingetosha kuanzisha kazi hiyo.

Sehemu iliyobaki ni ya wanafunzi wa Kiswahili vyuoni. Kwa miaka mingi makongamano yao yamejadili istilahi za isimu na fasihi kwa bidii ya kupigiwa mfano. Wakati umewadia wa kushuka hadi karakanani na daftari mkononi, kuketi na fundi wa Magogoni, kuandika anavyokiita kila chombo na anavyoieleza kila hatua, kisha kuyapanga hayo yawe faharasa inayoweza kutumika darasani. Kazi hiyo haihitaji ruhusa ya wizara. Inahitaji nauli ya matatu na unyenyekevu wa kufunzwa na mtu asiye na shahada.

Mjenga nchi ni mwananchi, na mwananchi hujenga kwa lugha anayoielewa. Mikono ya vijana wa Magogoni imekwisha kujifunza. Kilichobaki ni kwa wenye kutoa vyeti kujifunza kuisikiliza.