Si Kila Uadui ni "Hate"



Leo tuongee kuhusu neno moja la Kiingereza tulilolizoea kupita kiasi: "hate". Mwenye nyumba amekataa kukupangisha kwa sababu ya hijabu yako, unaandika "hate". Muuzaji mwenzako pale Gakoromone hakusalimii tangu mgombanie kibanda, "hate". Mwanasiasa amesimama jukwaani akasema kabila fulani lirudi kwao, hiyo nayo "hate". Hata aliyecheka picha yako mtandaoni ni "hater". Sasa siku ukifika kituo cha polisi na jambo zito kweli, utaliita nani?

Wenye Kiingereza chao hawachanganyi hivyo. "Grudge" ni kinyongo, "hostility" ni uhasama, "contempt" ni dharau, "hatred" ndiyo chuki, na "malice" ni nia ya kudhuru. Nasi tunayo yote hayo, tena tumeongeza husuda. Muulize bibi yako kama mwenye kinyongo na mwenye husuda ni kitu kimoja. Atakwambia wa kwanza anakumbuka ulichomfanyia. Wa pili hukumfanyia lolote, anaumia tu kwa ulichojaliwa. Dawa zao haziwezi kufanana. Yule wa kibanda unamtafutia mzee akawapatanisha, hakuna haja ya kumpeleka mbio mahakamani.

Na huko mahakamani pia, sheria haipimi moyo wa mtu. Inapima alichosema, alichofanya na alichokusudia.

Mwenye nyumba aliyekukatalia kwa sababu ya hijabu, kosa lake linaitwa ubaguzi. Kifungu cha 27 cha Katiba ya 2010 kinakataza kubaguliwa kwa dini, na kinataja hata mavazi. Huhitaji kuthibitisha kwamba anakuchukia. Pengine hakuchukii, anaogopa tu majirani watasema nini. Bado ni ubaguzi.

Mwanasiasa anayechochea watu dhidi ya kabila anaguswa na Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008. Kifungu cha 62 kinataja maneno yanayokusudiwa kuchochea dharau, chuki, uhasama, vurugu au ubaguzi kwa misingi ya kabila au rangi. Umeona? Dharau, chuki na uhasama vimeandikwa kimoja kimoja. Adhabu ni faini isiyozidi shilingi milioni 1, au kifungo kisichozidi miaka 5, au vyote viwili.

Lakini angalia vizuri: kifungu hicho kinasema kabila na rangi. Mtu akikusudia kuumiza hisia zako za dini kwa maneno, nenda kifungu cha 138 cha Kanuni ya Adhabu. Na akikuvunjia kioo cha duka makusudi, hilo ni kosa la kuharibu mali, kifungu cha 339, hata kama hakutamka neno. Ukiandika "hate" peke yake, afisa hajui akushikie wapi, na faili linalala.

Kuna jambo la pili, nalo linatuhusu sana watu wa huku. Januari 2022, aliyekuwa Seneta wa Meru, Mithika Linturi, alisema kwenye mkutano wa siasa Eldoret kwamba "madoadoa" yaondolewe. Alikamatwa, akafikishwa mahakamani. Aliomba radhi, akasema hakueleweka alivyokusudia. Sasa fungua kamusi yoyote. Doadoa ni alama kwenye nguo au ngozi, basi. Lakini Bonde la Ufa, tangu ghasia za uchaguzi za miaka ya 1990, watu waliitwa hivyo kabla ya kufukuzwa mashambani mwao. Neno lina kumbukumbu pale linaposemwa. Ukilitafsiri kwa Kiingereza kama "spots", sumu yote imetoka, umebaki na neno la dobi.

Kwa hiyo usikubali maneno uliyotukanwa yatafsiriwe halafu yapotee. Kama yalisemwa kwa Kimeru, Kiembu, Kisomali au Sheng, yaandikwe vilevile, kisha maana yake ifuate. Taja nani alisema, wapi, siku gani, nani alisikia. Hifadhi video au picha ya ujumbe kabla haujafutwa. Kiswahili ni lugha rasmi ya nchi hii pamoja na Kiingereza, Katiba kifungu cha 7, kwa hiyo usione haya kutoa maelezo yako kwa Kiswahili. Usitie sahihi kabla hujasomewa. Chukua namba ya OB. Na kama ni uchochezi wa kikabila, malalamiko yafike NCIC pia.

Mwisho, tusijifiche. Aprili 2022, kabla ya uchaguzi, NCIC ilitoa orodha ya maneno ya kuchungwa. Ndani yake mlikuwa na "madoadoa" na "kwekwe". Mlikuwa pia na "kaffir". Hilo ni neno ambalo baadhi yetu hulirusha kwa jirani Mkristo kama kokoto, halafu tunalalamika tukiitwa Al-Shabaab kwa sababu ya kanzu. Kokoto ni kokoto. Al-Hujurat aya ya 11 inatukataza kuitana majina ya kuudhi, na haikusema "isipokuwa wao wakianza".

Sisi ni wachache Meru na Embu. Tunanunua soko moja na wenzetu, tunasoma shule moja, na wengi wetu mashangazi na wajomba zetu ni wa kanisani. Tukiita kila ugomvi "hate", tunamgeuza adui mtu ambaye alikuwa na kinyongo tu cha kibanda, na yule mchochezi wa kweli anapita katikati yetu hana jina.

Kabla hujapost wala hujaenda kituoni, jiulize kwanza: hiki ni kinyongo, dharau, ubaguzi, au uchochezi? Kiite kwa jina lake, halafu ukifuate mpaka mwisho.