Injini Isipimwe kwa Mshahara wa Dereva



Madereva wa hapa Juja, na wenzao wa Ruiru na Thika, wanaleta kwetu lalamiko lile lile kila mara. Gari limeharibika injini, na mwenye gari anamkata dereva mshahara. Akiuliza sababu, anajibiwa, "Wewe ndiwe uliyekuwa ukiendesha." Basi, hilo si jibu. Injini haiharibiki kwa kuwa fulani ameshika usukani. Inaharibika kwa sababu yake, na sababu hiyo mara nyingi huonekana mapema, tena dereva anaweza kuiona mwenyewe nyumbani kabla ya kutoka kazini, bila kumlipa mtu.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, inampa mwajiri ruhusa ya kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika mikononi mwa mfanya kazi, lakini ikiwa uharibifu huo umetokana na kosa la makusudi. Ringi za pistoni zilizokwisha kwa uzee si makusudi ya mtu. Tena makato yote yakijumlishwa pamoja yasipite theluthi mbili za mshahara. Maneno hayo ni mazuri, lakini tajiri huja na karatasi ya fundi wake, na dereva huja na mdomo tu. Hapo ndipo tunaposhindwa.

Kwa hiyo nasema kila dereva ajifunze kupima injini. Na kupima kwenyewe kuanze asubuhi, injini ikiwa baridi bado. Tazama oili kwa kijiti chake, tazama maji ya rejeta, tazama chini ya gari kama kuna kilichodondoka usiku. (Rejeta yenye moto usiifungue kamwe, itakuunguza uso.) Halafu washa, gari likiwa nje na si ndani ya banda lililofungwa, maana hewa ya bomba ina sumu isiyo na harufu nayo huua. Simama nyuma, utazame moshi.

Mwezi wa Julai, kwa baridi yetu ya asubuhi, karibu kila gari hutoa mvuke mweupe. Ukikoma injini ikipata joto, si ugonjwa. Lakini moshi mweupe usiokoma, wenye harufu ya utamu utamu, na huku maji yanapungua bila kuvuja chini, maana yake ni maji yanayoingia ndani ya silinda, na mara nyingi ni gasketi ya hedi iliyoungua. Fungua kifuniko cha oili. Ukikuta rangi ya chai ya maziwa, shaka inazidi, ingawa gari la safari fupi fupi laweza kuonyesha utando kidogo kwa mvuke tu. Moshi wa samawati ni oili inayoungua. Moshi mweusi ni mafuta mengi kuliko hewa, na kwa vumbi la barabara zetu za ndani, kichujio cha hewa ndicho cha kutazamwa kwanza.

Gari linalochemka nalo husema lenyewe mahali panapouma. Likikimbia vizuri kutoka Juja mpaka Thika, kisha likachemka kwenye msongamano wa Githurai, shuku feni. Likichemka likiwa mbioni, shuku rejeta iliyoziba, au thamostati isiyofunguka, au maji machache.

Betri ni jambo la mita ndogo tu. Injini ikiwa imezimwa tangu usiku, betri nzima husoma karibu volti 12.6. Injini ikiwaka, isome kati ya 13.5 na 14.5 hivi. Isipopanda, betri haipokei chaji, na kununua betri mpya ni kutupa fedha.

Sasa nije kwenye taa ya injini, ile ya rangi ya manjano, ambayo wengi wetu tunaiogopa kama barua ya korti. Marekani iliamuru magari madogo yote ya kuanzia mwaka 1996 yawe na tundu la namna moja la kusomea makosa, na magari mengi ya Kijapani tunayoendesha yanalo tundu hilo chini ya dashibodi. Kifaa cha kusomea, kile cha bei ndogo, ni cha shilingi elfu chache tu, nacho huongea na simu ya mkononi. Kikikuandikia P0301, maana yake silinda ya kwanza haichomi sawasawa. Hakijasema nunua koili, wala nunua plagi. Kwa gari ambalo kila silinda ina koili yake, zima injini, hamisha koili ya silinda ya kwanza uipeleke ya pili, na ile ya pili uilete ya kwanza. Futa kosa na uendeshe kidogo. Likirudi P0302, koili ndiyo mbovu. Likibaki P0301, tafuta plagi au kitu kingine. Lakini usifute lolote kabla ya kulipiga picha, kwa kuwa huo ndio ushahidi wako.

Wako wanachama wanaosema kwamba tukifanya hivi tajiri amepata fundi wa bure. Wana haki ya kuogopa. Lakini kupima si kutengeneza. Dereva aandike alichoona, tarehe na kilomita, ampelekee mwenye gari kwa simu kabla ya kutoka, kisha fundi aitwe na alipwe. Ndugu zetu wa jua kali hawanyang'anywi chakula, na fundi wa kweli hufurahi akielezwa ugonjwa. Na dakika kumi hizo za asubuhi zihesabiwe kuwa ni saa za kazi. Hilo tulidai bila kuona haya.

Jambo moja niseme wazi hata kama halipendezi. Taa nyekundu ya oili ikiwaka njiani, simama mahali pa usalama mara moja na uzime injini, hata kama tajiri anapiga simu akiuliza mzigo uko wapi. Ukiendelea mpaka injini ikakwama, tutakutetea, lakini kwa shida sana.

Wala asituambie mtu kwamba elimu hii ni ya watu wa mbali. Hapa hapa Thika magari huunganishwa kiwandani tangu enzi za Leyland Kenya, iliyoanzishwa mwaka 1974 na leo inaitwa Kenya Vehicle Manufacturers, na mikono inayoyaunganisha ni ya wafanya kazi kama sisi.

Ninaloiomba halmashauri ya tawi ni hili: inunue vifaa viwili vya kusomea makosa, kimoja kikae Ruiru na kimoja Thika, na wa Juja wachukue palipo karibu. Karani avitunze, na kila anayeazima atie sahihi daftarini na kukirudisha siku ya pili. Jambo hili liwekwe katika mkutano ujao, na dereva ambaye amekwisha kukatwa mshahara aje na karatasi zake zote.