Daftari la Wiki: Gunia Lina Jina la Mpokeaji

Maharage yakishavunwa, buti za mabasi yanayoondoka Kasulu, mkoani Kigoma, alfajiri hujaa mizigo ya watu wasiosafiri. Gunia la maharage, dumu la mawese, ndoo ya asali iliyozungushiwa selotepu mfunikoni, dagaa wa Ziwa Tanganyika kwenye kiroba. Juu ya kila mzigo, kwa kalamu nene, limeandikwa jina la mpokeaji na namba yake ya simu. Jina la aliyeutuma ni nadra kuonekana. Huyo ni shangazi, bibi au mama mdogo aliyeamka usiku ili awahi gari, akamkabidhi mzigo karani wa basi, kisha akageuza kurudi shambani kabla jua halijawa kali.

Mzigo ukifika Dar es Salaam, mazungumzo ya simu huwa mafupi. "Shangazi, shikamoo. Mzigo umefika." "Marahaba, mwanangu. Hayo ya mfuko mdogo mpelekee mwenzio Mbagala." Salio linakwisha au kazi inamwita, simu inakatwa. Mwanafunzi wa chuo anayejipikia kwenye chumba cha kupanga ndiye anayejua thamani kamili ya gunia lile. Anaipima kwa wiki ambazo hakwenda kukopa dukani kwa Mangi.

* * *

Kasulu na jirani yake Kibondo zimekuwa zikiishi kwa mpango huu, mmoja akiwa mbali na mwingine akibaki shambani, tangu zamani, na si kwa bahati. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914. Kwa miongo mingi baadaye wanaume wa nyanda hizi za Buha walishuka kwa miguu kuifuata, wakapanda treni kwenda kwenye mashamba ya mkonge ya Morogoro na Tanga, safari ya kilomita zaidi ya elfu moja. Mwaka 1944 wenye mashamba wakaanzisha chombo chao cha kukusanya vibarua, SILABU, kilichowaandikisha watu kwa mikataba. Hao ndio manamba. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Tanganyika iliongoza duniani kwa mkonge, ikiuza nje zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka.

Manamba wamo katika vitabu vya historia, na wanastahili. Lakini mtu akiondoka kwa miaka miwili au zaidi, mihogo ilipaliliwa na nani? Watoto walilishwa na nani? Mwajiri aliweza kulipa mshahara wa kumtosha kibarua peke yake kwa sababu alijua kwamba mkewe, mama yake na dada yake wanalima huko Buha, na kwamba akiugua au akizeeka atarudi kwao kutunzwa. Kila tani ya mkonge iliyopakiwa bandarini Tanga ilikuwa na jasho la mwanamke wa Kibondo ambaye hakuwahi kuuona mkonge, na ambaye daftari la mishahara halikumtaja hata mara moja.

Kazi yake ilidai elimu pia. Mihogo michungu ina sumu. Isipolowekwa muda wa kutosha kabla ya kuanikwa na kutwangwa, inaweza kudhuru nyumba nzima, na anayejua kwamba sasa imelainika vya kutosha ni bibi anayeibonyeza kwa kidole. Mbegu ya maharage nayo huchambuliwa punje kwa punje, ikachanganywa na majivu kuzuia fukusi, ikafungiwa chomboni hadi msimu ujao. Wageni wanaponunua maharage ya Kigoma sokoni hulipia, bila kujua, uamuzi wa mwanamke fulani mwaka uliopita aliyekataa kuipika mbegu wakati njaa inabisha hodi.

* * *

Sensa ya Agosti 2022 ilihesabu watu 2,470,967 katika Mkoa wa Kigoma. Kwa kila mwanakaya uliulizwa uhusiano wake na mkuu wa kaya. Swali zuri. Inabaki kwa kila kaya kujiuliza lile jingine: ni nani akiondoka kwa wiki moja, moto hauwaki?

* * *

Kabanga, nje kidogo ya mji wa Kasulu, kuna hospitali ya misheni inayotegemewa na vijiji vingi. Kama ilivyo katika hospitali nyingi nchini, mgonjwa mmoja aliyelazwa ni kazi ya watu watatu. Muuguzi huja na dawa kwa saa zake. Kumgeuza mgonjwa, kumwogesha, kumbembeleza anywe uji na kufua kanga zake ni kazi ya ndugu. Mmoja analala pembeni ya kitanda, mwingine anahangaika na chakula. Wa tatu amebaki nyumbani na watoto, mbuzi na shamba, na wodini hajulikani kabisa. Mgonjwa akiruhusiwa huwashukuru wale wawili aliowaona. Huyo wa tatu ndiye aliyewawezesha kukaa hapo.

Isidhaniwe kwamba sifa hizi ni za wanawake peke yao. Milima ya huku haina huruma kwa baiskeli yenye mzigo, na baba mdogo anayeisukuma hadi barabara kuu, mgonjwa ameketi nyuma, hana wa kumwandikia posho ya safari.

* * *

Kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwishoni mwa mwaka 1996 kwa Wakongo waliokimbia vita. Nduta, wilayani Kibondo, ilifunguliwa tena mwaka 2015 Warundi walipoanza kuvuka mpaka. Katika misafara kama hiyo wapo watoto wanaofika bila baba wala mama. Mashirika hutafuta ndugu zao, na wasipopatikana, watoto huwekwa kwa familia za walezi. Hema ni lile lile, mgao ni ule ule unaopunguzwa fedha za wafadhili zikipungua, na bado mtu anasogeza mkeka ili mtoto asiye wake apate pa kulala. Undugu wa namna hii unastahili heshima sawa na ule wa damu.

* * *

Ada ya sekondari ya serikali hadi kidato cha nne ilifutwa mwaka 2016, na ya kidato cha tano na sita mwaka 2022. Kabla ya hapo, nyumba iliyokuwa na ada ya mtoto mmoja ililazimika kuchagua, na mara nyingi aliyebaki nyumbani alikuwa msichana. Wapo wanaume leo wenye ofisi na magari ambao dada zao wakubwa waliuza ndizi barabarani ili wao wavae sare. Deni hilo ni halisi. Kumtumia dada hela ya sikukuu kwa simu ni jambo jema, lakini halitoshi. Deni lenyewe linastahili kutajwa mbele za watu, yeye akiwepo.

Desturi ya sasa imeweka shukrani mahali pasipofaa. Husomwa msibani, ndani ya wasifu wa marehemu, kwa sauti nzuri na kipaza sauti, wakati anayeshukuriwa hasikii.

Mahafali ya kidato cha nne hufanyika kabla ya mtihani wa taifa wa Novemba. Ratiba huwa na risala, nyimbo, mgeni rasmi na vyeti. Iongezwe nafasi moja: kila mhitimu amtaje kwa jina mtu mmoja aliyemfikisha pale, na mtu huyo asimame alipoketi. Shangazi ataona haya, atasema si lazima. Asimamishwe. Na kama mvua imewahi, naye yuko shambani akipanda maharage, jina lisomwe vilevile na kijana apande pikipiki kumpelekea habari siku hiyo hiyo.