Mwongoza kwaya aliyeanza upya kila mwaka

KILA mwaka mwalimu wa kwaya ya kanisa kuu nchini Uingereza hupoteza baadhi ya waimbaji wake bora. Hawafi wala hawatoroki. Wanabalehe tu. Mvulana aliyefunzwa miaka minne au mitano huamka siku moja sauti imekwaruza, na mwalimu hana budi kuanza tena na mtoto wa miaka minane.

Hiyo ndiyo kazi iliyompa sifa David Willcocks. Vijana wanaodhani kuwa kipawa pekee chatosha wana la kujifunza kwake.

Alizaliwa Newquay, kusini magharibi mwa Uingereza, Desemba 30, 1919. Mwaka wa 1929 alijiunga na kwaya ya wavulana ya Westminster Abbey, London. Maisha ya watoto hao si mchezo: mazoezi, darasa, kisha ibada ya jioni, karibu kila siku ya juma.

Mwaka wa 1939 alipata nafasi ya kusoma na kupiga kinanda katika King's College, Cambridge. Kinanda hicho si kile cha sebuleni. Kina mabomba mengi, safu kadhaa za vibao vya mikono na vingine vya miguu. Lakini kabla kijana hajamaliza masomo, vita vikuu vya pili vilimwita.

Julai 1944, huko Normandy, Ufaransa, kikosi chake kilipigania kilima kilichoitwa Hill 112. Kamanda aliuawa pamoja na askari wengi, na Willcocks, akiwa na miaka 24, akabaki kuwaongoza walionusurika. Alitunukiwa nishani ya ushujaa ya Military Cross.

Mtu mwingine angedai apumzike. Yeye alirudi Cambridge kumaliza alichokiacha. Mwaka wa 1947 akawa mpiga kinanda wa Kanisa Kuu la Salisbury, akahamia Worcester mwaka wa 1950, na mwaka wa 1957 akarejea King's, safari hii akiwa kiongozi wa muziki.

Alikabidhiwa wavulana 16 na vijana wa kiume 14. Kanisa lile lina mwangwi mrefu. Mmoja akikosea sauti, kosa huelea juu ya vichwa vya watu wote. Ndiyo maana Willcocks alikuwa mkali. Alitaka kila neno litamkwe pamoja na kila sauti ikae pale inapostahili. Aliyeteleza alijua kwamba mwalimu amesikia.

Matunda yake yalisikika mbali, kwani ibada ya King's ya mkesha wa Krismasi, iliyoanza mwaka wa 1918, ilikuwa ikitangazwa redioni tangu 1928. Mwaka wa 1961 yeye na Reginald Jacques walitoa kitabu cha nyimbo za Krismasi, Carols for Choirs. Ikiwa umewahi kusikia O Come, All Ye Faithful ikifika ubeti wa mwisho, sauti ya kwanza ikapaa juu ya wengine wote, huenda ulikuwa ukisikia kazi ya mkono wake.

Kuanzia 1960 aliongoza pia Bach Choir ya London, kwa miaka 38. Ni kwaya hiyo hiyo inayosikika katika wimbo wa Rolling Stones wa You Can't Always Get What You Want! Aliondoka King's mwaka wa 1974 kwenda kuongoza chuo cha muziki cha Royal College of Music hadi 1984. Akapewa heshima ya kuitwa Sir mwaka wa 1977, na akafariki Septemba 17, 2015, akiwa na miaka 95.

Na wasichana je? Salisbury, alikoanzia kazi, ilianzisha kwaya yao mwaka wa 1991.

Wengi wa wavulana aliowafunza hawakuwa wanamuziki. Sauti ziliwatoka, nidhamu ikabaki. Kwa hivyo mzazi, mwanao akilalamika kwamba mwalimu wa kwaya amewarudisha kwenye mstari ule ule mara kumi, usikimbilie kumtetea. Mwambie arudi mara ya kumi na moja.