Kompyuta Ikikulazimisha Kukumbuka Tarehe (Sehemu ya 6)

Mama zangu wa Kirando na kwingineko! Leo siongelei uji wala chanjo. Naongelea kompyuta ya kliniki. Usipite haraka, inakuhusu wewe na mimba yako.

Kuna siku nilikuwa namsajili mama mjamzito kwenye mfumo. Mfumo sitautaja, kituo pia sitakitaja. Ametoka kambi ya dagaa, hudhurio la kwanza, tumbo limeshaonekana. Kompyuta ikauliza: siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho? Mama akafikiri, akasema, "Nesi, tarehe sijui. Nakumbuka giza lilikuwa limeanza, wanaume wameingia ziwani."

Wewe wa huku umeshamwelewa. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, mbalamwezi ikitoka watu wanapumzika. Yule mama alinipa jibu zuri kabisa. Ningekaa naye dakika tano na kalenda, tungepata wiki yenyewe.

Lakini kisanduku kilitaka siku, mwezi na mwaka. Hakuna "sina uhakika", hakuna "makadirio". Ukiacha wazi, ukurasa hauendi mbele. Nje foleni imefika mlangoni. Nikaandika tarehe 1 ya mwezi niliobahatisha, ukurasa ukapita. Aliyedanganya pale ni mimi, siyo mama.

Mfumo ukahesabu siku 280 kutoka kwenye uongo wangu. Mwishoni ukaonyesha mama amepitiliza, tukaanza kuongelea kumuanzishia uchungu. Nesi mmoja mkubwa kwangu akapima kimo cha tumbo, akamuuliza mama upya, akasema, "Huyu bado." Akaachwa. Alijifungua salama wiki tatu baadaye. Tungefuata kompyuta, tungemtoa mtoto kabla ya wakati wake.

Najua wapo watakaosema manesi hatupendi teknolojia. Jamani, mimi naipenda! Aliyewahi kujaza vitabu vya MTUHA, jina moja unaliandika mara tatu, hawezi kuichukia kompyuta. Hoja yangu ni hii: anayetengeneza mfumo aanze kwa kuijua kazi na watu wake, ndipo achore visanduku.

Na inawezekana. Ukienda leba utaona karatasi ya patografu. Mistari yake ya tahadhari na hatua iliwekwa na Philpott na Castle, nchi iliyokuwa ikiitwa Rhodesia, Zimbabwe ya leo, wakaitangaza mwaka 1972. Walijua wakunga wako vituo vya pembeni na hospitali kubwa iko mbali. Kwa hiyo wakachora mstari wa tahadhari, njia ikifunguka sentimita 1 kwa saa, halafu mstari wa hatua saa 4 mbele yake. Zile saa 4 ni muda wa kukufikisha hospitali. Umbali wa barabara umewekwa ndani ya karatasi! Huyo ndiye mtu aliyeielewa kazi kwanza.

Shirika la Afya Duniani nalo, mwaka 2021, lilitoa mwongozo wa kutengeneza mifumo ya kompyuta ya kliniki za wajawazito. Baada tu ya mapendekezo ya huduma za afya, unaeleza watu: mama ni nani, nesi ni nani, mhudumu wa jamii ni nani. Unafuata mfano wa siku ya kliniki, hatua kwa hatua, kisha taarifa zinazohitajika na jinsi ya kuamua. Mahitaji ya programu yako mwishoni. Umeandikwa ili wasimamizi wa huduma za afya na wataalamu wa kompyuta wausome wote na waelewane.

Lakini mwongozo wa dunia haulijui giza la Ziwa Tanganyika. Hilo tunalijua sisi. Ndiyo maana nasema mtaalamu akija na kompyuta yake asiishie ofisini Sumbawanga au Namanyere. Ashuke hadi huku, akae kliniki siku nzima, aone foleni, asikie mama wa kambini anavyojibu. Kama hana nafasi ya kuja, basi hata kisanduku kimoja tu cha "makadirio" atuwekee.

Na wewe mama, usiogope kusema "sijui". Usibuni tarehe ili kumridhisha nesi. Sema unachokumbuka: giza, mbalamwezi, mwanzo wa mvua, siku ya mnada. Muombe aandike "makadirio" kwenye kadi yako. Wahi kliniki kabla ya wiki 12, na kipimo cha picha ukikipata kabla ya wiki 24 kinasaidia sana kujua umri wa mimba.

Kompyuta inajua kuhesabu tu. Cha kuhesabu inapewa na mimi na wewe, kwa hiyo tuipe ukweli, na waliyoitengeneza watuachie nafasi ya kuuandika.

Tukutane sehemu ya 7. Mbebe salama.