Simu Ipi Inamfaa Mwanafunzi wa Lugha?

Mwaka jana nilipoteza wimbo, na simu iliyoupoteza niliichagua mwenyewe.

Nilikuwa Bukama, kwa jamaa za mama yangu, nikikusanya hadithi za Kiluba kwa ajili ya tasnifu. Nkambo mmoja, jirani ya mjomba wangu, alikubali kunisimulia jioni, baada ya chakula. Hadithi yake ilikuwa na nyimbo tatu, na watoto waliokaa karibu naye walikuwa wakiitikia. Niliporudi kwa mjomba na kufungua rekodi, nilikuta dakika 11 tu. Kumbukumbu ya simu ilikuwa imejaa, ikaacha kurekodi bila mimi kujua. Kesho yake nkambo alinirudia hadithi kwa ukarimu wake, lakini ilikuwa mchana, watoto wako shambani, naye akafupisha. Wimbo wa tatu hakuuimba. Aliniambia ule ulikuwa wa jana.

Simu hiyo niliinunua kwa sababu ilikuwa na kamera tatu mgongoni na ilikuwa toleo jipya la mwaka ule. Kumbukumbu yake ilikuwa GB 32, na nusu yake ilikwisha kuliwa na programu zilizokuja nayo. Niliporudi Lubumbashi nikaanza kutafuta nyingine, na safari hii nilijiuliza maswali ambayo nadhani kila mmoja wetu katika kitivo hiki angepaswa kujiuliza. Maoni yangu ni haya: mwanafunzi wa lugha asinunue simu kwa sababu ni mpya. Anunue ile itakayotunza maneno ya watu kwa miaka mingi zaidi kwa pesa aliyo nayo.

Najua tunavyochagua. Samsung hutoa Galaxy S mpya mwanzoni mwa mwaka, Apple hutoa iPhone mwezi wa tisa, na Tecno, Infinix na itel hazikai kimya kwa muda mrefu. Dukani kijana aliniwekea simu mbele na kusema, «Mukubwa, hii njo ya sasa, ile ingine ni ya wazee.» Hakuniuliza ninafanya kazi gani nayo.

Tuanze na kumbukumbu, kwa kuwa ndiyo iliyoniangusha. Rekodi nzuri ya utafiti, ile isiyobanwa, huhifadhiwa kwa mfumo wa WAV. Kwa kiwango cha kawaida cha 44,100 Hz na biti 16, njia moja ya sauti hula karibu MB 5.3 kwa dakika, yaani takriban MB 317 kwa saa. Simu yenye GB 100 zilizo wazi itabeba zaidi ya saa 300. Simu yenye GB 5 zilizobaki itabeba kama saa 15, na hapo hujapiga picha hata moja. Wengine hutumia sauti za WhatsApp kwa sababu ni nyepesi. Kwa kusalimiana zinafaa. Kwa mtu atakayepima konsonanti katika programu ya Praat, sauti iliyobanwa imekwisha kupoteza sehemu ya habari, na hakuna namna ya kuirudisha.

Jambo la pili ni miaka ya masasisho, yaani marekebisho ya programu ambayo kampuni hutuma ili kuziba matundu ya usalama. Wengi wetu hatuulizi. Lakini mwezi wa tano 2025 WhatsApp iliacha kufanya kazi kwenye iPhone 6 na nyingine za rika lake, kwa kuwa hazikuweza kupokea mfumo mpya. Kioo kilikuwa kizima, betri labda nzima, ila simu ilikuwa imekwisha kustaafishwa. Siku hizi ahadi zimekuwa ndefu: Google kwa Pixel 8 ya mwaka 2023 na Samsung kwa Galaxy S24 ya mwaka 2024 ziliahidi miaka 7. Hizo si simu za mfuko wetu. Kilichonishangaza ni Galaxy A16, simu ya bei ya chini iliyotoka mwishoni mwa 2024, ambayo iliahidiwa miaka 6. Ila tahadhari: miaka hiyo huhesabiwa tangu toleo lilipotoka. Ukinunua simu iliyokaa dukani miaka miwili, miwili hiyo imekwenda.

Mimi nilikuwa na dola 180, na mbele yangu kulikuwa na njia tatu. Ya kwanza ilikuwa iPhone 11 iliyotumika, toleo la mwaka 2019. Inapendeza, na rafiki yangu wa chumbani aliniambia kwamba nayo watu wangeniheshimu. Lakini ilikuwa na GB 64, haina tundu la kadi ya kumbukumbu, na betri yake ilikuwa imechoka. Ya pili ilikuwa Tecno mpya yenye betri kubwa na trei ya nafasi tatu: laini mbili na kadi ya kumbukumbu kwa pamoja. Kwa anayekwenda vijijini hilo si jambo dogo, maana huku Vodacom inashika, kule Airtel tu, pengine Orange peke yake. Nilipouliza itapata masasisho hadi mwaka gani, hakuna aliyejua, wala boksi halikusema. Ya tatu ilikuwa hiyo A16 ya GB 128. Nayo ina kasoro yake: nafasi ya pili kwenye trei ni ya kuchagua, ama laini ya pili ama kadi. Nilichukua hiyo. Laini ya pili nimeiweka katika simu ndogo ya vitufe, ambayo siku za delestaji hukaa na chaji kuliko zote.

Kuna wanaosema kwamba simu ghali sasa zina akili bandia, na kwamba mwanafunzi wa lugha ndiye wa kwanza kuihitaji. Hoja hii inatuhusu sana, basi tuitazame. Galaxy AI ilipozinduliwa mwezi wa kwanza 2024 ilitafsiri mazungumzo ya simu kwa lugha 13. Kifaransa kilikuwemo. Kiswahili hakikuwemo. Apple Intelligence ilianza kwa Kiingereza mwaka 2024, Kifaransa kikaongezwa mwaka 2025, na katika nyongeza hiyo pia Kiswahili kiliachwa nje. Kiluba, Kisanga na Kibemba sitaji. Kwa hiyo tungelipa mara tano zaidi kwa kifaa kinachoelewa maelezo ya profesa na kisichoelewa hadithi ya nkambo. Na Tafsiri ya Google, ambayo ina Kiswahili tangu 2009, hufanya kazi hata kwenye simu ya bei ya chini kabisa.

Kuna sababu nyingine, na sisi wa Katanga hatuwezi kujifanya hatuioni. Betri za simu nyingi zina kobalti, na takriban asilimia 70 ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka nchini kwetu, hasa huku Lualaba na Haut-Katanga. Kati yetu wako wenye kaka na wajomba wanaoshuka mashimoni Kolwezi. Mtu anayebadilisha simu nzima kila mwaka kwa ajili ya rangi mpya, huku akisikitika juu ya mashimo hayo, ajiulize maneno yake na mfuko wake vinaelewana wapi.

Mhadhiri mmoja aliposikia mawazo haya alinijibu kwamba simu, hata iwe nzuri namna gani, si chombo cha utafiti. Ana haki. Maikrofoni ya simu imetengenezwa kwa ajili ya mazungumzo, nayo huokota upepo, kuku na redio ya jirani. Lakini vinasa sauti vya kweli ni vichache na wanaokwenda uwandani ni wengi. Jibu langu ni kwamba maikrofoni ndogo ya kubana kwenye nguo, inayochomekwa kwenye simu, itaboresha rekodi kuliko kuruka toleo moja la simu. Na kuna mambo yasiyodai hata franka moja: kuangalia nafasi iliyobaki kabla ya kuketi na msimulizi, kuzima mtandao ili simu isipigwe katikati ya wimbo, na kutazama kioo kila baada ya dakika chache bila kumkatiza mtu.

Ninachoomba kwa kitivo ni vitu viwili. Kwanza, kabla hatujaenda uwandani, tupewe saa moja ya somo juu ya kifaa chenyewe: mfumo wa WAV, nafasi, betri, masasisho. Tunafundishwa namna ya kuuliza maswali, lakini hatufundishwi namna ya kurudi na majibu. Pili, iwepo diski kuu moja katika ofisi ya idara, na kila anayerudi aache nakala pale kabla ya kuanza kuandika. Simu itaanguka, itaibiwa, itazeeka. Rekodi isiwe na nyumba moja tu.

Likizo ijayo natarajia kurudi Bukama nikiwa na simu hii, maikrofoni yake, na zawadi ya sukari na chumvi. Nitamwomba nkambo asimulie jioni, watoto wakiwepo. Huenda ataimba wimbo wa tatu, huenda hatauimba. Hilo ni lake. La kwangu ni kuhakikisha kwamba akiuimba, nafasi ipo.